Mahali pa Kuingia Émilienne

KWAYA NURU YA ZIWA, BARAKA
Kumbukumbu za kikao cha kuhamisha wimbo kutoka programu ya Casimir kwenda programu ya Bertin

Tarehe: Jumapili, 14 Oktoba 2018
Mahali: chumba cha nyuma cha kanisa

Waliohudhuria: Papa Alphonse (Mwenyekiti na kiongozi wa waimbaji), Mama Marthe (sauti ya pili), Willy (Katibu).
Mwalikwa: Bertin, fundi wa muziki, Lweba.
Wasiohudhuria: kumi na mmoja. Tisa wako kambini ng'ambo ya ziwa. Jacques ni marehemu. Émilienne, mwimbaji wa ubeti wa tatu, hajulikani aliko tangu watu walipokimbia vita kwa njia ya Lulimba mwaka jana. Ni mke wa Katibu.

KUMB. NA. 1/2018: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala saa nane na dakika ishirini. Alisema akidi haikutimia, na kwa kuwa haitatimia tena, tuendelee.

KUMB. NA. 2/2018: HALI YA WIMBO
Bertin alieleza kwamba wimbo ulirekodiwa Fizi, kwa fundi Casimir, kila mwimbaji peke yake, kwa sababu maikrofoni ilikuwa moja. Programu ya kompyuta ya Bertin haiwezi kufungua kazi ya Casimir; inapokea sauti mojamoja tu. Casimir alizitoa hivyo kwenye flashi ndogo siku aliyokimbia, na ili zitoshe humo, akakata kimya chote cha mwanzo wa kila sauti. Sasa zikifunguliwa, wote wanaanza pamoja kama watu wanaogombania bomba la maji.

Mwenyekiti alisema hata mtoto angejua kuacha kimya. Katibu alikumbusha kwamba Casimir alikuwa akisikia risasi. Mwenyekiti aliomba neno "mtoto" lifutwe. Limeachwa.

Sauti nyingine zote zimeshawekwa mahali pake. Imebaki ya Émilienne.

KUMB. NA. 3/2018: SAUTI YA ÉMILIENNE
Bertin alisema programu inaweza kumweka barabara juu ya pigo la ngoma. Mwenyekiti aliunga mkono. Katibu alipinga: "Muke yangu alikuwa anachelewa. Mumuache achelewe."

Mwenyekiti alijibu kwamba kwa miaka kenda alimwomba mama huyo jambo moja tu, aingie kwa wakati, na leo limepatikana bila matata. Katibu aliumizwa na maneno hayo na ameyaandika kama yalivyosemwa.

Kura: wawili kwa mmoja. Katibu alishindwa.

Bertin alimweka, tukasikiliza. Ilikuwa safi sana. Mama Marthe alisema: "Hii iko sauti yake, lakini haiko yeye." Mwenyekiti aliomba ipigwe tena, halafu akaomba kura ifutwe. Ikafutwa.

KUMB. NA. 4/2018: KUMRUDISHA
Bertin alimwomba Katibu, kwa kuwa ni mume, aonyeshe mahali. Katibu alisema hapa; ikawa mapema. Alisema mbele kidogo, ikapita. Alijaribu mara saba. Nyumbani alimsikia akiimba kila siku akitwanga majani ya sombe, lakini nyumbani hapakuwa na ngoma na Katibu hakuwahi kuhesabu. Alikiri kwamba hajui, na kwamba anaogopa ameanza kumsahau.

Mwenyekiti alisimama, akafumba macho, akainua mkono kama siku za mazoezi. Ngoma ilipiga. Mkono ulikaa juu. Uso wake ukakunjamana kwa ile hasira tunayoifahamu sote, ndipo akasema: "Sasa."

Bertin aliweka hapo. Aliingia Émilienne, mwenyewe. Mama Marthe alilia.

Mwenyekiti alisema: "Willy, ule uchelewaji ulikuwa unaniuma kila mazoezi. Ndiyo maana naujua."

Azimio: abaki hapo, asisogezwe na programu yoyote.

KUMB. NA. 5/2018: NAKALA
Bertin alimwuliza Katibu kama angependa kubaki na sauti ya mkewe tu, au wimbo mzima. Katibu alichukua wimbo mzima. Akiwa peke yake, Émilienne hachelewi.

Kikao kilikwisha saa kumi na nusu, betri ya kompyuta ya Bertin ilipozimika.

Alphonse, Mwenyekiti: ....................
Willy, Katibu: ....................