Maneno ya Baba Yaliyobaki Ndani ya Kompyuta

Mbinga Mjini,
14 Agosti 2004.

Mpendwa kaka Cuthbert,

Shikamoo. Hamjambo huko Mwanza, wewe na wifi Restituta? Na kifua cha mwanenu Wilfred kimetulia? Huku baridi ya mwaka huu imetuonea, vidole vinauma hata kushika kalamu ni taabu.

Ningependa kuandika kwamba sisi sote ni wazima, lakini ningekudanganya. Baba alipata kiharusi Jumapili ya tarehe mosi. Mkono wa kulia umelala na sauti imekatika. Anasikia, anatutambua, anakunywa uji kidogo, ila neno halitoki. Daktari anasema tusubiri.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba alikuwa na maneno yako. Unajua tangu siku ile alipokuita mwizi na kukufukuza kwenye sengu, ukoo mzima umekaa kula na kusikiliza, eti kwa kuwa uliwauzia kahawa wanunuzi binafsi badala ya ushirika, hakulitaja tena jina lako. Miaka minane! Basi mwishoni mwa Julai akaniita, akasema nimwandikie barua ya kwenda kwa Cuthbert. Niliangusha ufagio.

Nami kwa kiherehere changu sikuchukua kalamu. Nilitaka nikupigie chapa kwa ile kompyuta uliyonitumia, uone haikukaa bure. Baba alisema kwa Kimatengo, mimi nikageuza Kiswahili huku nikidonoa herufi mojamoja kama kuku. Tulifanya hivyo siku tatu, kila alasiri. Siku ya tatu mashine ikaganda. Kishale hakisogei, vitufe havisikii. Nikabonyeza kila mahali, nikachomoa waya, nikachomeka. Na muda wote huo Baba alikuwa bado anasema, kaka. Nilimwitikia ehe, ehe, akili yote ikiwa kwenye mashine. Siku tatu baadaye akaanguka.

Tangu alasiri ile, taa ya mbele inawaka lakini kioo kinabaki cheusi. Nilimwita Twaha, fundi redio wa karibu na stendi, ambaye siku hizi anatengeneza na kompyuta. Alipoifungua nilitamani ardhi inimeze. Baba alipohamia kwangu alikataa kuiacha kahawa yake kijijini Ruanda, akaja na magunia sita, nami nikayapanga sebuleni kando ya meza ya kompyuta. Tena kwa kuitunza nikawa naifunika kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua mekundu, na hata ikiwa inafanya kazi nilikunja upande wa kioo tu. Usinicheke. Ndani mlikuwa na vumbi tupu la maganda ya kahawa, feni imekwama kabisa.

"Dada Tadea, hii nayo inahema," Twaha akaniambia. "Wewe umeifunika gubigubi kama mgonjwa wa malaria!"

Akapuliza vumbi, akabadilisha feni, akasugua kile kipande cha kumbukumbu kwa kifutio cha penseli. Ikawaka! Nilipiga kigelegele hadi jirani akachungulia. Haikufika mbali, ikaganda tena, na ndani tukasikia ko, ko, ko. Twaha anasema huo ni mlio wa diski inayotunza kazi zote, imeumia kwa joto na kwa huu umeme wetu wa kupanda na kushuka. Amenikataza kuiwasha tena nisije nikaimaliza. Huenda Dar es Salaam wapo wanaoweza kuyatoa yaliyomo, lakini yeye haahidi. Ameichomoa, nami nimeifunga kwenye nailoni na kuiweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Majuto ni mjukuu. Daftari na kalamu vilikuwa mezani palepale.

Shangazi Tereza alipokuja kumwona kaka yake, akitokea Chiwanda na kikapu cha usipa, wale dagaa wa ziwani kwao, alinikuta nalia. Hakunibembeleza. Akasema niandike ninayoyakumbuka kisha nimsomee Baba mwenyewe, maana bado ana kichwa cha kuitikia.

Juzi asubuhi nikamsomea. Kwamba ushirika ulipodhoofika, hata yeye aliishia kuwauzia wanunuzi walewale. Akaitikia kwa kichwa. Kwamba mibuni uliyopanda kule bondeni bado inazaa, na hamruhusu mtu mwingine kuipogoa. Akaitikia. Nikafika mwisho, pale ambapo sikumsikiliza. Hapo nilijazia mwenyewe, nikiamini ndivyo baba yeyote angemalizia: "Nimekusamehe, mwanangu."

Akakataa. Nikarudia, nikidhani hakusikia vizuri. Akakataa tena, mkono wa kushoto ukipigapiga shuka. Kaka, nikaamini bado ana kinyongo nawe, na kwamba barua yote ilikuwa ya kukufukuza mara ya pili.

Shangazi akanisogeza pembeni, akamwinamia sikioni, akamuuliza kwa Kimatengo kama ni yeye anayekuomba wewe umsamehe. Baba akafumba macho, akaitikia kwa kichwa, mara tatu, machozi yakimtiririkia hadi kwenye mto. Nina miaka arobaini na miwili na sijapata kumwona mzee wa kwetu akimwomba radhi mtoto wake. Ndiyo maana jambo hilo halikunijia hata akilini.

Shangazi Tereza anakusalimu sana, na usipa wa wifi ameutenga. Twaha naye anasalimu ingawa hakujui. Mbusu Wilfred kwa niaba yangu.

Usingoje hiyo diski, kaka. Baba hawezi kusema tena, lakini masikio yake ni mazima. Kila mlango ukilia anageuza macho. Njoo umjibu.

Mungu akutangulie njiani, na amtunze mzee mpaka ufike.

Mdogo wako akupendaye,
Tadea