Dakika Nilizosimama Kando ya Subaru ya Pasta

Papa,

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote tatu nilianza na gari. Nikaichana. Nilitaka kuanza na wewe, na kaburi lako, na Mama, kama mtu mwenye adabu. Lakini sijui kukufikia kwa njia nyingine. Basi nianze na gari.

Subaru ya Pasta imeondoka. Juzi Jumamosi tuliipeleka Lilongwe, Area 23, kwa mtu anayenunua magari ya zamani ili ayavunje na kuuza vipande. Nilikuwa ndani yake. Nitakueleza yote, hata lile ambalo sijamwambia Mama. Ila ngoja kwanza. Naogopa kulifikia haraka.

Matokeo ya Fomu Four yametoka. Nimefaulu, na fizikia ndiyo nzuri kuliko zote. Nilipoona jina langu kwenye karatasi ukutani niligeuka kutafuta mtu wa kumwambia, na niliyekuwa namtafuta ulikuwa wewe. Mama alifurahi, kisha akaingia ndani akalia. Tangu siku hiyo nipo tu nyumbani. Asubuhi namshikia Mama kitambaa akipiga cherehani, mchana nakaa. Watu wanauliza nitafanya nini sasa. Nasema Mungu anajua, kwa sababu jibu hilo linawaondoa haraka. Ukweli ni kwamba sioni kitu mbele. Nikitazama mbele naona ukuta wa tofali na karatasi juu yake.

Unakumbuka ile hotuba? Mwalimu wa Kiingereza alitaka kila mmoja wetu azungumze dakika tano juu ya kitu anachokijua vizuri. Mimi nilichagua Subaru, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokijua kuliko wenzangu. Jumapili nzima, Dimanshi kama ulivyoiita, ulikuwa chini ya gari la Pasta, miguu tu nje, unasema, nami nimekaa kwenye tairi naandika. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikasalimia, nikatazama viatu vyao vyote, nikarudi kukaa. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Haina shida, Mama. Hotuba haiozi. Utaisema siku ingine." Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Sasa hakuna anayeniita hivyo.

Hii ndiyo siku nyingine, Papa. Sikiliza uone kama nimesahau.

Watengenezaji wa Subaru walianza na ndege. Ndege za vita, huko Japani. Vita vilipokwisha wakakatazwa kutengeneza ndege, na kampuni yao ikakatwa vipande vipande. Watu waliojua kurusha vyuma angani wakabaki na karakana tupu na magurudumu madogo ya mikia ya ndege, yasiyo na kazi. Wakayatia kwenye pikipiki ndogo, watu wapate kwenda sokoni. Hapo ulitoa kichwa chini ya gari ukaniangalia. "Unaona? Nabo balikuwa bakimbizi ba kazi yabo." Ukarudi chini.

Baadaye vipande vitano vikaungana kuwa kampuni moja, na gari lao wakaliita Subaru, jina ambalo kwa Kijapani ni zile nyota za Kilimia. Ndiyo maana mbele kuna nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Hukuwahi kupita hapa bila kuongeza habari za kwenu: kwamba kule Fizi baba yako alitazama Kilimia ajue kama wakati wa kupanda umefika, na kwamba wewe, uliyeacha shamba, umebaki kuitazama kwenye pua ya gari.

Gari la kwanza lililopendwa lilikuwa dogo, la mviringo kama mdudu, injini nyuma. Kisha mafundi wa umeme wa milimani, kwenye theluji, wakalalamika kwamba magari yao yanayopanda milima ni ya baridi na yanawachosha. Walitaka gari la kawaida la kukaa vizuri, lakini magurudumu yote manne yavute. Wakatengenezewa. Na injini yake hailingani na ya wengine. Pistoni hazisimami, zimelala, upande huu na upande ule, zinapigana ngumi bila kugusana. Kwa hiyo uzito uko chini na gari halipepesuki. Halafu wakaingia kwenye mashindano ya matope na mawe, gari la buluu lenye maandishi ya njano, na dunia nzima ikalijua.

Hapo dakika tano zingekwisha. Lakini wewe hukuishia hapo. Ulitaka niseme pia juu ya jina lake mdomoni mwa watu. Tulipokuwa bado Lilongwe, kabla sisi wakimbizi hatujaambiwa turudi wote kambini, mafundi wengine wa mtaa wetu wa Chilinde walikuwa wakiona Subaru wanaifukuza. Injini imelala, boji, zile plagi za kuwasha moto, zimejificha mbavuni, kuzifungua mpaka mkono uchunike. Inakunywa mafuta. Walitania kwamba anayenunua Subaru aoe na fundi wake kabisa. Wewe ulichukua zote walizozikataa, mpaka ukaitwa Fundi Subaru, na Wamalawi waliokuja na gari bovu wakaondoka wakishukuru, zikomo mara tatu. Ulikuwa ukifuta mikono na kusema, "Gari haina roho mubaya. Ni bantu njo banaipa jina."

Papa, sasa lazima niseme.

Ile Jumatano kifua kilipokubana, Mama alinituma kwa Pasta. Gari la wagonjwa la kituo cha afya lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine. Mwenye kabaza ya kubeba abiria alitazama matope, akatazama baiskeli yake, akatikisa kichwa. Subaru tu ndiyo ingepita. Mama alisema, "Kimbia. Sema akuye na gari sasa hivi." Nilikimbia kweli. Nilianguka mara moja nikainuka.

Nilikuta mlango wa kanisa umefungwa. Walikuwa kwenye maombi ya kufunga, siku ya tatu. Na unajua kanisani kwetu mlango ukifungwa hivyo hakuna anayebisha. Anayechelewa anangoja nje mpaka wimbo uanze. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuwa na miaka saba nilipousukuma mlango ule nikuletee ufunguo wa nyumba, na watu wote wakageuka, na ukanishika mkono ukanitoa nje ukaniambia mtu akiwa mbele ya Mungu hakatwi neno. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba nilikumbuka.

Nilisimama kando ya Subaru. Mvua ilikuwa inanipiga, mkono wangu uko juu ya kapo, kifuniko cha injini, chuma kiko baridi. Nilijiambia wimbo utaanza sasa hivi. Nikahesabu zile nyota sita. Nikazihesabu tena. Niliinua mkono kubisha mara mbili, na mara zote mbili niliona zile nyuso zikigeuka, nikaushusha. Nilipofika, redio ya jirani wa kanisa ilikuwa inaanza taarifa ya habari. Wimbo ulipoanza, habari zilikuwa zimekwisha na muziki umepigwa sana.

Pasta alipotoka nilimwambia unaumwa. Sikumwambia nimesimama muda gani. Alikimbia bila koti.

Gari liliwaka mara moja. Wewe mwenyewe ulikuwa umebadilisha boji wiki ile. Tulikulaza nyuma, kichwa mapajani mwa Mama. Njiani tulipita lori limezama mpaka kwenye ekseli, watu wamesimama wanalitazama, na sisi tukapita pembeni kama barabara ni kavu. Ulifungua macho ukasema, "Kanyaga polepole, Pasta. Zote ine zinavuta." Ukasikiliza. Ukatabasamu kidogo, nilikuona kwenye kioo. Tulipoigusa lami ulikuwa hujasema tena, na tulipofika getini kwa hospitali Mama alikuwa ameshajua.

Daktari alisema kwa upole kwamba kama tungefika mapema kidogo, wangejaribu. Mama alikuwa na kiatu kimoja tu. Akasema, "Gari ilikawia." Nilikuwa nimesimama pale pale, Papa. Nikanyamaza.

Neno hilo lilirudi kambini kabla yetu. Bombani wanawake wakasema Subaru ilimchelewesha fundi wake mwenyewe. Baada ya wiki mbili ikawa ilizimika njiani. Baada ya mwezi ikawa ilikuua. Mama mmoja wa Burundi alishikwa na uchungu wa uzazi, Pasta akamletea gari mpaka mlangoni, na akakataa kupanda. Alisema heri azalie kwenye matope. Walimbeba kwenye machela. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini kuanzia siku ile hakuna aliyepanda tena. Gari lililowatoa wagonjwa wote wa kambi hii wakati wa mvua likakaa nyuma ya kanisa, kuku wakilala chini yake. Na mimi kila siku nilipita pale na ndoo ya maji, nikitazama upande mwingine.

Pasta aliposema anaiuza, nilimwomba nifuatane naye mjini. Nilidanganya kwamba nataka kuona bei za vitambaa kwa ajili ya Mama. Tulipofika kwenye lami nilisema. Nilikuwa nimejizoeza kwa siku nne na bado sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Pasta, gari haikukawia. Ni mi."

Nikamweleza: mlango, mvua, redio. Alipunguza mwendo, akasimama pembeni, akazima. Hakunitazama.

"Nilikuona," alisema. "Kwa dirisha. Nilizani umekuya kusali, unaona haya kuingia. Nikasema, acha nimalize kwanza."

Magari yalikuwa yanapita na Subaru inatikisika kidogo kila yalipopita.

"Bantu bakaanza kusema gari," akaendelea. "Na mi nikanyamaza. Mi na we, binti yangu, tuliachia gari ibebe."

Sijui nilitarajia nini. Labda kwamba atasema si kosa langu, kama wachungaji wanavyosema. Hakusema. Nilimwomba tugeuze turudi. Aliuliza nani atapanda. Akawasha, na iliwaka mara moja kama kawaida yake, na hilo ndilo lililoniliza.

Area 23 yule mtu alifungua kapo, akacheka kwamba injini imelala usingizi, kisha akasikiliza na akaacha kucheka. Akasema kwa Chichewa kwamba hii ni nzuri sana, ni nani aliyeishughulikia. Pasta aliniachia mimi nijibu. Nikasema, "Papa wangu." Ndiyo maneno mawili niliyoweza kusema kwa ajili yako mbele ya watu. Yule mtu aliinamisha kichwa kwa heshima. Hata hivyo ataivunja. Alisema Subaru nzima haina mtu, vipande vyake ndivyo vinatafutwa. Tulipoondoka alikuwa ameshaitoa milango miwili.

Tulipita Chilinde kwa miguu. Pale ulipofanyia kazi sasa wanauza kaunjika, nguo za mitumba, mashati ya watu wa Ulaya yamening'inia mahali ulipokuwa unaning'iniza mikanda ya injini. Nilitafuta madoa yako ya oili chini. Wametandika turubai.

Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sikupata, Papa. Kabla ya Jumamosi nilibeba peke yangu, sasa tunabeba wawili, na uzito wake haujapungua hata kidogo. Jana kanisani Pasta alihubiri akatazama dirisha katikati ya sentensi, akasahau alipokuwa.

Mama hajui chochote. Bado anasema gari ilikawia. Analisema akikunja nguo, akipika nsima, bila hasira, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Asubuhi hii aliniona naandika, akasimamisha cherehani.

"Unaandikia nani?"

Nikasema, Papa. Hakushangaa.

"Ukimaliza utanisomea."

Nikasema ndiyo. Unajua Mama hakuwahi kufundishwa kusoma. Ningeweza kusoma habari za matokeo, na ndege, na Kilimia, kisha nikaruka mpaka mwisho, na angeamini. Angelia kidogo na angenishukuru. Nimelifikiria hilo leo kutwa nzima. Huenda akishasikia hatanishikisha tena kitambaa. Huenda hataniita mwanangu. Lakini gari lako limekatwa kwa sababu yangu, na jina lake bado liko mdomoni mwa Mama, na wewe ulisema ni watu ndio wanaolipatia jina.

Basi kwaheri, Papa. Pumzika. Hakuna tena atakayekugonga miguu utoke chini ya gari. Vifaa vyako viko chini ya kitanda changu, nimevipaka oili vyote visishike kutu. Sijui vitakuwa vya nani. Jambo moja tu naweza kukuahidi leo. Cherehani imenyamaza, Mama anavuta kiti. Nitaanza kusoma kutoka juu kabisa, pale nilipoandika Papa, na nikifika kwenye mlango wa kanisa, sitasimama.

Mwanao,
Riziki