Salamu Zako Kutoka Maduka ya Nyuzi

Mama,

Shikamoo. Nimeanza hivyo kwa sababu sijui kuanza vingine. Tangu Paulo anilete kwenu hapa Endasak, hakuna siku niliyofungua mdomo mbele yako bila shikamoo, hata siku ile tuliyogombana kwa ajili ya jogoo. Naona nikikuandikia bila kukusalimia utaikunja karatasi na kunirudishia.

Nimekaa barazani, mgongo ukutani, miguu imevimba. Keshokutwa Paulo ananipeleka hospitali nikasubirie huko huko. Nesi wa kliniki amesema mtoto amekaa vibaya, na kwa yale yaliyowapata wale wawili wa kwanza, hataki niwe mbali na daktari. Naogopa, Mama. Nalisema mapema ili lisinikwame. Mtoto akicheza sana naogopa, akitulia naogopa zaidi. Najua ungesema, "Magreti, wewe ungeogopa hata uji." Kweli. Lakini ulikuwa ukisema hivyo umenishika mkono.

Habari za nyumbani ni hizi. Maharage yalitoka vizuri, alizeti ndege wameila. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Paulo amekonda na haongei, anachonga mipini ya majembe ambayo hatuihitaji. Wifi Restituta amehamia chumbani kwako ili anisaidie, na kwa kweli ananisaidia, anapika, anachota maji, sina la kumsema. Ila ananichunga kama mbuzi aliyezoea kuingia shamba la watu.

Na sasa lile la mazishi. Sikuja, Mama. Sitaki ukae huko ukifikiri nilikataa. Wazee walisema mwenye mimba, tena aliyekwisha kupoteza, hasogei kaburini, haoni jeneza, wala neno la kifo halimtoki mdomoni mpaka ajifungue salama. Nilifungiwa jikoni kwa jirani. Nikaisikia kwaya ikishuka kupitia shamba la mahindi, ikapita, ikapotelea kule chini, na mimi nimeshika mwiko wa ugali ambao sikumbuki nani alinipa. Tangu siku hiyo sijawahi kulitamka. Nikiulizwa nasema "Mama hayupo," au "tangu ile shida." Hata na Paulo ni hivyo hivyo. Nilifikiri nikilitaja, mtoto atasikia na atakufuata.

Shali lako lilibaki kwenye kikapu, na sindano zako bado zimo. Unakumbuka lilivyoanza? Kwenu mtoto hanunuliwi nguo kabla hajazaliwa. Tukafuata hivyo mara ya kwanza, tukafuata mara ya pili, na mara zote mbili nikarudi mikono mitupu. Mara ya tatu ukasema mbele ya watu wote pale mezani, "Safari hii tutamsubiri na nguo." Wifi alinuna wiki nzima. Ukaenda Mbulu ukanunua uzi, ile rangi ya ua la alizeti lililoanza kunyauka, ukaanza kufuma. Ulipofika zaidi ya nusu kikaja kile kikohozi. Nikuambie jambo baya? Siku moja nilimsikia Wifi akimwambia Paulo kwamba ulivunja mwiko, na mwiko nao ukakuvunja. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha.

Nikawaza: nikilimalizia, nitakuwa nimevunja mwiko mara ya pili. Nikiliacha, mtoto atapokewa kwa nguo ya nusu iliyoachwa na mtu aliyeondoka. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Kwa hiyo nikalitoa kikapuni. Lakini uzi haukutosha. Palibaki sehemu ya kama mapana ya khanga, na kibonge kimoja tu, chembamba.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba uzi hauongezwi hivi hivi. Tulivyokuwa tukizunguka, Mama! Maharage yakishauzwa unavaa viatu vyako vya kanisani, tunaondoka, Katesh, Basotu, siku nyingine tunapanda mlima wa Dareda mpaka Dongobesh na Mbulu, vumbi mpaka kwenye kope. Ulinikataza kununua uzi nikiwa na njaa, kwa sababu mwenye njaa kila rangi kwake ni nzuri. Tunakula chapati kwanza. Halafu unaingia dukani, unavuta uzi kidogo, unaulowesha kwa mate na kuusugua kwenye leso yako nyeupe uone kama unachuja, kisha unautoa nje kwenye jua, na mwenye duka anakufuata huku analalamika. "Taa ya dukani ni mwongo," ulikuwa ukimwambia bila haya. Na ukinunua unanunua wa mzigo mmoja, uliopikwa rangi siku moja, kwa sababu wa mzigo mwingine hata ukiitwa jina lile lile, ukishafumwa utajitenga.

Kwa hiyo nilianzia Katesh, siku ya kliniki. Nilijiambia nauliza tu na kurudi. Mama Zuhura wa duka la nyuzi alinipokea kwa furaha, akanipa kiti, akaniuliza, "Mama mkwe wako mwenye maneno yuko wapi leo?" Nikataka kusema kweli, na mtoto akageuka tumboni wakati ule ule. Nikasema, "Yupo nyumbani, magoti yanamsumbua." Akakuonea huruma. Akasema unakunywa chai nyingi mno. Akakutumia salamu, na uzi hakuwa nao. Ile salamu niliibeba mpaka nyumbani.

Ningeishia hapo. Lakini wiki iliyofuata nikaenda Basotu, nikamdanganya Wifi kwamba nafuata samaki. Yule rafiki yako wa Kidatoga, mama Gidamis, bado anakaa pale kwenye kibanda cha shanga, bado anashonea shanga kwenye ngozi bila kutazama mikono yake. Alinitazama tumbo, akatazama nyuma yangu akikutafuta. Nikarudia yale yale, magoti. Akafungua kitambaa chake, akanipa shanga nyeupe nikuletee, kwa sababu ulimpa mabaki ya uzi mwekundu mwaka jana na hapendi kukaa na fadhila ya mtu. Mama, ninazo. Nimezifunga kwenye pindo la khanga na sijui niziweke wapi. Shanga za marehemu, alizotumiwa akiwa hai kwa mdomo wangu. Uzi pia hakuwepo aliyekuwa nao, niliuliza maduka yote pale mpaka kwenye mnada.

Ikabaki Mbulu. Uzi ulitoka Mbulu, dukani kwa Mzee Hando, na mimi nilikuwa nimeanzia kwingine kote ili nisifike kwake. Unajua kwa nini. Yule mzee mlikuwa mnagombana naye kama watu waliozaliwa tumbo moja. Mnabishana bei mpaka wateja wengine wanaondoka, kisha mnaagizana mbegu za mboga. Nilijua magoti hayatamtosha.

Nilimwambia Paulo ukweli nusu, kwamba nafuata uzi. Akaingia ndani akatoka na simu yako, ile ndogo, akasema yangu haikai na chaji, nibebe hii, uchungu ukinishika njiani nipige. Nikaitia mkobani. Mlimani gari lilikuwa linayumba kwenye kona na mimi nimeshika tumbo kwa mikono miwili, naomba Mungu, nahesabu makosa yangu. Mbulu kulikuwa na baridi na ukungu. Sikula chapati. Nisamehe, nilienda na njaa.

Nikamwamkia. Akaitikia, akatazama mlangoni, akaniuliza yuko wapi mwenye kelele zake. Nikasema magoti. Akasema magoti gani, mtu aliyekuja hapa kabla ya masika akapanda ngazi mwenyewe kuchungulia rafu ya juu. Nikamtolea kile kibonge nikamwambia natafuta wa mzigo huu. Hapo akacheka. Akainama chini ya kaunta akatoa mfuko umefungwa kwa kamba, akaufungua kidogo, nikaiona rangi. Mama, ulikuwa umemwambia akuwekee! Hukuniambia. Ulijua hautatosha, ukamwachia neno tu, naye akauficha miezi yote hiyo wateja wakiulilia.

Nikanyoosha mkono. Akaurudisha chini. "Kilichowekwa kwa mdomo wa mtu, anakichukua mtu huyo," akasema. "Mwambie aje. Au aniambie mwenyewe kwamba nikupe."

Unaujua utaratibu wake. Kuna binti aliwahi kuja akachukua uzi uliowekewa fundi mmoja, akisema ametumwa na mama yake, kumbe hakuwa binti yake. Tangu hapo Mzee Hando hampi mjumbe kitu. Nikamwomba. Nikasema hali yangu anaiona, njia ni mbaya, siwezi kurudi tena. Akasema basi hakuna shida, nampigia sasa hivi. Akavaa miwani, akaitafuta namba yako, akabonyeza, akaweka simu sikioni akinitazama kwa utani, kama mtu aliyekwisha kuandaa tusi la mapenzi.

Ikaita mkobani mwangu.

Wewe na mlio wako ule wa pambio la kanisani, Mama, ulioweka juu kabisa kwa sababu ya masikio. Duka zima likajaa. Sikuizima. Mzee aliishusha simu yake taratibu, akaitazama, akautazama mkoba, ikaendelea kuita. Njia ya mwongo ni fupi, sote tunasema, lakini sikujua kwamba ikiisha inaisha hivyo.

Nikasema, "Mama amekufa."

Nililisema, Mama. Si "amepumzika" wala "hayupo". Lilitoka kavu hivyo hivyo, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Kisha nikajishika tumbo kwa nguvu nikingoja. Nilikuwa nangoja kitu kikatike ndani yangu. Nilisimama pale nimefumba macho.

Halafu mtoto akanipiga teke la ubavuni, la kawaida, lile la kila siku akitaka nikae vizuri.

Mzee aliegesha mlango wa duka nusu, akaniletea kigoda. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaniambia nimweleze tangu mwanzo, kama inavyotakiwa, mtu wako aliuguaje na aliondokaje. Na mimi sikuwahi kumweleza mtu. Wenzangu walieleza msibani, nami nilikuwa jikoni kwa jirani. Nikamweleza kikohozi kilivyoanza ukisingizia vumbi la maharage. Nikamweleza ulivyokataa kulazwa mpaka uoge na kufunga kilemba kipya. Ulivyonituma nikuletee sindano zako za kufumia hospitalini, na niliporudi nazo asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nilitaja neno lile mara nyingi sana, hofu ikawa inapungua, na machozi yakawa yanakuja badala yake. Nililia sana, Mama. Nilikulilia msiba wako dukani Mbulu, nimezungukwa na nyuzi. Wateja wakaingia, wakaambiwa, wakakaa na sisi. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinishika bega akaanza kusali kwa Kiiraqw.

Mzee alinipa mfuko. Hakutaka kusikia bei, alisema hiyo ni rambirambi yake. Akasema ulimdhulumu mno kwenye bei akiwa hana la kufanya, na kwamba ungerudi angekupa tena.

Nilimwambia Paulo yote usiku ule ule, na ndipo naye alipolia, mara ya kwanza. Wifi alisimama mlangoni akasikia. Nilifikiri atanifokea. Akaniuliza tu kama mtoto bado anacheza. Nikamwambia weka mkono. Akauweka, akakaa nao hapo muda mrefu, kisha akaenda kuchemsha maji.

Shali limeisha jana. Mshono wangu unabana kuliko wako, mtu akitazama ataona ulipoachia na nilipopokea, lakini rangi ni moja, jua limethibitisha. Wifi amelikunja yeye mwenyewe akalitia kwenye begi la hospitali, chini kabisa, amelifunika na nguo zangu ili mwiko usilione.

Sijapona hofu, usidhani. Keshokutwa nitapanda kwenye gari na meno yatagongana. Daktari akisema neno la kupasuliwa, nitakutafuta kwa macho. Lakini nakuahidi haya. Nikitoka, nitarudi Katesh na Basotu kusema ukweli, nikakae kwa kila mmoja nieleze tangu mwanzo, maana wamenyimwa kukulilia kwa sababu yangu. Nitakuja kaburini nikiruhusiwa, na nitakuja na mtu wa kukuonyesha.

Nimeona watu wakiwaandikia marehemu wao kwamba tutaonana karibuni. Mimi sikuandikii hivyo, na usinielewe vibaya. Nakupenda, na nimekukumbuka mpaka mbavu zinauma. Lakini nina mtoto wa kufunika, na baridi ya huku unaijua.

Kwaheri, Mama. Usinisubiri.

Mkweo,
Magreti