Mkono wa Mgaya

Kambi ya Mbao,
Mafinga.

Mke wangu Tusekile, mama wa Lusajo,

Nakusalimu kwa baridi ya huku, maana ndiyo tuliyo nayo kwa wingi. Hujambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Mimi nakula, nafanya kazi. Barua yako imenifikia jana na imeninyima usingizi. Nitakueleza kwa nini, ila usiniite mwoga kabla sijamaliza.

Pasaka nilipokuja nilikuambia nimewekwa shimoni. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwingine chini, mnavuta msumeno mmoja. Mimi ni wa chini, unga wa mbao wote unaniishia machoni. Aliyekuwa chini kabla yangu ni Mgaya, Mhehe wa hapa hapa, aliyekufa kwa homa ya mapafu. Mpini aliuviringishia kitambaa cha shati lake. Wenyeji wakanikataza kukifungua mpaka ndugu zake waje wamalize msiba, na mimi mgeni nibishane na nani? Basi nikashika pale alipokuwa akishika, na mvua ilipolainisha viganja, nikachubuka pale pale.

Baadaye zikaniota sunzua, vile vinyama vigumu vya ngozi. Moja kubwa kwenye shina la kidole gumba cha kulia, na ndogo ndogo zimeizunguka kama vifaranga. Sikujali. Lakini mpishi wetu ni mjane wa Mgaya. Siku moja nanyoosha sahani, akauona mkono wangu, mwiko ukamponyoka. Akaipapasa ile sunzua taratibu kwa kidole. "Baba watoto," akasema, "umerudi na baridi yote hii." Waliomwosha Mgaya wanasema alikuwa nazo hivyo hivyo, mkono huo huo.

Tangu hapo akawa ananiwekea nyama ya chini ya sufuria na kuniita Mgaya. Nilimkatalia kwa upole, nikamkatalia kwa ukali. Kisha asubuhi moja, kwenye ukungu, nikasikia "Mgaya" nyuma yangu, nikaitika. Tusekile, niliitika kabla sijafikiri, na sauti iliyonitoka kinywani sikuijua.

Nikadandia lori hadi Iringa, nikalala Mlandege kwa binamu yangu, kesho yake nikamwona dresa wa zahanati. Akacheka. Akasema ni kijidudu kidogo mno, hata darubini yake haikioni. Kinakaa kwenye ngozi, kinahama watu wakishikana au wakishika kitu kimoja, kinaingia palipochubuka, na mara nyingi kinaondoka chenyewe. Nilimwamini. Niliporudi nikakikata kile kitambaa nikakichoma, waseme watakavyo.

Juma lililopita nikaamka, sunzua hazipo. Ngozi laini. Nilikwenda jikoni nikipiga mluzi. Yule mama akaugeuza mkono wangu huku na huku, akalia bila sauti. Halafu akauliza, "Ametoka. Sasa ameenda kwa nani?" Nikamwambia hajaenda popote, amelala kaburini.

Ndipo jana barua yako ikaja. Hapa barua husomwa jikoni kwa sauti, kila mtu asikie habari, nami nikaisoma hivyo. Nikafika pale unaposema Lusajo ameota kitu kwenye gumba la kulia, kimoja kikubwa na vidogo vimekizunguka. Nikaacha kusoma, lakini nilikuwa nimeshasema, na yule mama ameshasikia. Pasaka, sunzua ikiwa ndiyo kwanza inachomoza, alinishika mkono huu siku nzima, hakutaka kuniachia. Najua alichosema dresa, na nayarudia maneno yake kila nikikaa. Usikikate, usikifunge uzi. Kitaondoka.

Msalimie mama, na kaka yako fundi cherehani, na yule mzee wa kanisa jirani yetu, mwambie aniombee bila kuuliza sana.

Nilikuwa nafunga barua. Leo asubuhi chai haikupikwa. Wanasema yule mama amepanda lori la kwanza la mbao, na amemwomba dereva amshushe Iyunga, huko huko kwetu. Barua hii nampa dereva wa lori la pili, huenda ikachelewa kidogo tu. Akifika mkaribishe, mpe chai, ni mfiwa na hana ubaya. Akitaka kumshika mtoto mkono, mwache amshike. Ila akimwita Mgaya, mzibe Lusajo mdomo, asiitike.

Ni mimi bado, mumeo,
Ambakisye