Miti Isiyokatwa Kichwa

Thika, 4 Februari 1957

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, na watoto wa memsahibu Ansuya ninaowalea ni wazima, ila mdogo anakohoa. Mgongo wako je?

Baba, jana niliona maajabu! Memsahibu alitupakia sote garini mpaka ile bustani kubwa ya Nairobi, City Park. Tulishinda kutwa kwenye nyasi, watu wazima, na hakuna aliyepalilia chochote. Tumbili walichukua njugu mkononi mwangu polepole, vidole vyao baridi. Na miti, Baba! Nilitazama juu mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Haijawahi kukatwa na mtu. Niliogopa hata kukohoa.

Nataka uione wewe, fundi wa kupogoa kahawa, tena upesi. Krismasi nilikuona ukimimina chai nje ya kikombe. Macho yako yanafifia, usinifiche.

Mwanao,
Ngina

Ruiru, 6 Machi 1957

Kwa binti yangu,

Nakusalimu. Mwili hauna neno. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya hasira.

Ulisahau kwamba sijui kusoma? Karani Zacharia alinisomea barua yako palepale kwenye foleni ya posho, kwa sauti ya mhubiri, tumbili na yote. Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Alipofika kwenye kikombe cha chai, mnyapara alikuwa nyuma yetu. Kesho yake akainua vidole, akaniambia nihesabu. Nikasema vinne. Vilikuwa viwili.

Mwaka mzima nimepogoa kwa kupapasa na hakuna aliyejua. Sasa makasi yamechukuliwa, na kwenye nyumba ya shamba natoka mwisho wa mwezi. Narudi kwetu Kangundo.

Na hiyo miti yako ni uongo. Mti usiokatwa kichwa hauna mwenyewe.

Baba yako,
Musau

Thika, 9 Machi 1957

Baba,

Sijui nikusalimu vipi. Nimelia mpaka memsahibu akaniuliza, nikamwambia yote. Jumapili ya tarehe 17 wanaenda tena bustanini, na amekubali uje nasi. Gari litapita Ruiru saa tatu asubuhi. Simama barabarani karibu na stesheni ukiwa na koti lako jeusi. Kama bado umekasirika, usije. Nitaelewa.

Zacharia, tafadhali, hii msomee mkiwa wawili tu.

Mwanao aliyekukosea,
Ngina

Ruiru, 20 Machi 1957

Ngina mwanangu,

Hujambo tangu Jumapili? Kikohozi cha mtoto kimepoa?

Siku ile garini ulidhani bado nina hasira. Sivyo.

Mlipoenda kwa tumbili, nilikumbatia mti mmoja. Mikono haikukutana, wala haikukaribia. Nikaupapasa nikitafuta kovu la msumeno, nikauzunguka mara tatu. Hakuna. Basi nikalala chali kwenye nyasi, mzee mzima na koti lake. Majani sikuyaona. Niliona kijani tu na mwanga, vikipanda, vikipanda, na sikuona vinapokoma.

Miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kukata kila tawi linalopita pale mkono wa mchumaji unapofika. Ningebaki na makasi yangu, ningekufa nikidhani mti huishia hapo. Kwa hiyo usiililie tena ile barua.

Jumatatu naenda Kangundo. Zacharia, anayeandika haya, anauliza kama siku nyingine garini kutakuwa na nafasi ya mtu mwembamba.

Baba yako,
Musau