Mgombea Anasema Familia ni Damu

Mtani wangu Zuhura,

Siku tulipokuzika nilitakiwa nikutanie pale kaburini, kama mila ya utani inavyomtaka Mnyamwezi amfanyie Mzaramo msibani. Nilishindwa. Leo nina hasira, kwa hiyo naweza.

Mzaramo wewe, hata kufa hukujua. Umekufa majira ya uchaguzi.

Jumamosi gazeti lilinituma Cato Manor, mtaa wetu huku ugenini, kumsikiliza mgombea wa bunge la jimbo. Alisema juu ya ulevi, wasichana wanaozaa kabla ya ndoa, watoto wanaolala mitaani. Dawa yake ni moja: familia. Nikamwuliza familia ni nini.

"Familia ni damu," akasema. "Serikali isaidie damu. Isiwalipe majirani kwa kulea."

Makofi. Ofisa wa ustawi wa jamii aliyekaa kando yake akaitikia kwa kichwa. Ndiye huyo anayeshughulikia shauri la mwanao.

Salma yuko kwa jirani yako Mama Kabeya, yule Mkongo wa saluni, tangu ulipolazwa. Mama Kabeya alikuwepo, Salma mgongoni. Akasimama bila kupewa kipaza sauti.

"Damu? Wakati huyu mutoto iko na homa, damu ilikuwa wapi? Ni miye nilimubeba mpaka hospitali!"

Mgombea akatabasamu. "Basi, mama, rudi naye kwenu."

Watu wakacheka. Wengine nawajua. Uliwashonea nguo za harusi.

Niliandika yote. Mhariri akabakiza dawa na makofi.

Jumatatu hakimu wa watoto ataamua Salma abaki kwa Mama Kabeya au apelekwe kituo cha kulelea watoto. Ofisa anasema akitokea ndugu wa damu akaridhia alelewe na jirani, hakuna shida. Ndugu zako wako Kisarawe, tumewaandikia, hawajajibu. Basi nitaapa kwamba mimi ni kaka yako, tumbo moja. Mnyamwezi na Mzaramo! Ulizoea kunicheka: "Mpagazi, wewe uongo hata wa kilo moja huubebi." Kweli. Sijawahi kuandika neno nisilolithibitisha. Uongo huu wa kwanza nitausema nimeshika Msahafu, kwa sababu ukweli wangu haumfai mwanao.

Kwaheri, Zuhura. Mungu akulaze pema. Wakiniuliza jina la mama yetu, nitataja la mama yako, wala sitasita. Hilo nakuahidi.

Mtani wako,
Masanja