Jina la Mama na Moshi wa Jikoni

Kilungu,
Makueni.
15 Juni, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mutanu,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Nthiwa mume wako hajambo? Na huyo wa tumboni, bado anakupiga mateke? Baridi ya Kanada sikuulizi, maana mwezi huu hata sisi tunatetemeka kwa ukungu. Hatujambo, isipokuwa Mama, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Mambo haya siwezi kuyasema kwa simu.

Dawa za ile presha ya mapafu zinamsaidia. Mwezi uliopita alipumzika mara tatu kabla ya kufika chooni. Sasa anafika bila kusimama, na akirudi anatugombeza kuhusu kuku. Ukisikia Mama anagombeza, mshukuru Mungu.

Nthiwa aliniambia kwamba mtoto huyu wa pili wa kike, ambaye kwa desturi yetu ni zamu yake kurithi jina la bibi mzaa mama, Nduku, hutampa jina hilo la Mama. Sikulaumu. Nyanya aliyemwachia Mama jina hilo alikufa akihema vivyo hivyo, na hapa kila mtu husema akina Nduku wana kifua kibovu. Hata mimi nilisema, nisamehe. Mama mwenyewe alikutumia neno kwamba usilitumie jina lake, kisha akajifungia chumbani akalia. Hilo hakukuambia.

Basi Jumanne nilimpeleka kliniki, nikamwuliza Daktari Leyla bila haya kama presha hii ya mapafu inafuata jina. Hakunicheka. Aliuliza Mama alilala wapi alipokuwa mtoto. Nikajibu mimi, maana Mama huishiwa pumzi: alilala na nyanya wa jina lake, kama ilivyokuwa desturi, kando ya mafiga, katika jiko lisilo na dirisha. Miaka tisa.

Daktari akanieleza somo liitwalo epijenetiki. Jeni tulizorithi ni kama Biblia ya Mama: maneno hayabadiliki, lakini vile vikaratasi alivyobandika huifanya ifunguke kurasa zile zile kila siku. Moshi wa miaka mingi unaweza kubandika alama kama hizo juu ya jeni, kuta za mishipa ya mapafu zikanenepa, moyo ukachoka kusukuma damu. Alisema hawezi kuapa kuwa ni moshi peke yake. Kuna familia ambazo jeni yenyewe ina kasoro, kwa hiyo Mama ametoa damu ipimwe. Nawe mwambie daktari wako akupige picha ya moyo kabla hujajifungua. Usinidanganye kwamba umeenda, nitamwuliza Nthiwa.

Tulirudi nyumbani na Mama. Jana kaka yetu Muindi na mafundi walibomoa ukuta mmoja wa jiko lile la zamani ili moshi upate pa kutokea. Mama aliketi nje akitazama, nami nikadhani anamlilia nyanya yake. Kumbe alikuwa akiwaza mengine. Akaniita.

"Kathini, andikia Mutanu. Jina yangu apatie mtoto. Hiyo moshi ndio asimpatie."

Nililia mbele ya mafundi, mdogo wangu, na sikuona aibu.

Muindi anakusalimu, na shangazi Kanyiva anasema kanisa zima linakuombea. Mungu akufungue salama. Siku hiyo, Nthiwa apige simu mtoto akiwa bado analia. Mama anataka kumsikia Nduku akivuta pumzi.

Wako akupendaye daima,
dada yako Kathini.